Mishipa ya Kijani ya Bibi Harusi

Siku mishipa ya damu ilipojitokeza kifuani mwangu, shangazi yangu alipiga kigelegele. Nilikuwa nimekaa kwenye kigoda chumbani kwake Tandika, kanga nimeifunga kiunoni, naye amesimama mbele yangu ameshika kopo la siagi lenye mkorogo wa kuchubua ngozi aliouchanganya mwenyewe. Aliinama, akafuata kwa kidole mstari wa kijani ulioshuka kutoka begani mpaka kwenye titi. Akasema sasa nimekuwa mweupe kweli, maana mweupe wa kweli anaonekana mpaka damu yake. Kisha akanigeuza anipake mgongoni.

Nilikuwa na majibu. Nilikuwa na shahada ya ualimu wa sayansi na nilikuwa nafundisha baiolojia sekondari huko Mbagala. Mzunguko wa damu nilikuwa naufundisha kila mwaka, chati imetundikwa ubaoni, ateri zimepakwa nyekundu na vena zimepakwa bluu, na kila mwaka wapo wanafunzi wanaotoka darasani wakiamini kwamba nusu ya damu yao ni ya bluu. Lakini shangazi yangu si mtu wa kuelezwa jambo. Ukimweleza, anakwambia usimsomee.

Yeye ni dada wa baba. Baba alipofariki, mambo yangu ya ndoa yaliangukia mikononi mwake, na mama yangu, ambaye tangu nipate akili namjua kama mtu anayeongea kwa kuomba ruhusa, akamwachia yote. Shangazi alizaliwa mweusi kama baba. Mimi nilipopata mchumba, yeye alikuwa tayari na uso wa rangi ya soda ya machungwa, na miguu na vifundo vya vidole vimebaki na rangi ya soda ile nyeusi. Mtaani walimcheka akishapita. Akiwa anapita walimwamkia shikamoo.

Mchumba wangu alikuwa mtu wa Kinondoni, karani, mpole, mweusi ti. Naomba hilo likumbukwe: mweusi ti. Mama yake alikuwa maji ya kunde, aliolewa na mwanamume mweusi, akazaa watoto wote weusi, na kwa maneno yake mwenyewe aliyoyasema sebuleni kwetu siku ya posa, alikuwa anamwomba Mungu wajukuu wenye rangi. Kwenye simu alikuwa ameonyeshwa picha yangu, iliyopigwa na simu inayomng'arisha kila mtu. Siku ile aliponiona ana kwa ana nikiingia na sinia la vitafunio, alinitazama, akaitazama simu, akanitazama tena. Shangazi akawahi. Akasema ni jua la Mbagala tu, mtoto anatembea sana na kazi, ila ukoo wetu sisi ni weupe watupu.

Jioni ile ile alinipaka mara ya kwanza.

Sitasema nilishikwa kwa nguvu. Nilitaka kuolewa. Nilikuwa nimechoka kuulizwa harusi lini, na yule mwanamume nilimpenda. Alikuwa anacheka polepole, kama mtu asiye na haraka ya kwenda popote. Ngozi iliwasha, ikamenyeka, ikawa nyekundu, halafu ikatulia ikiwa na rangi nisiyoijua. Jua likawa linanichoma hata nikiwa kivulini. Nikaanza kuvaa mikono mirefu darasani, na wanafunzi, ambao hawana adabu katika mambo ya maana, wakanibandika jina la maiti.

Halafu ikaja mishipa. Kwanza kwenye mikono, kisha pembeni mwa paji la uso, kisha kifuani. Nilijitazama kwenye kioo kwa muda mrefu kwa sababu ilikuwa inavutia, Mungu anisamehe. Damu ya binadamu ni nyekundu inapotoka moyoni na ni nyekundu inaporudi. Inapotoka imebeba hewa safi, inang'aa. Inaporudi kupitia vena imeshaigawa hewa ile, kwa hiyo imekolea, kama juisi ya rozela ambayo haijatiwa maji. Utotoni nilikuwa nampelekea baba chakula machinjioni Vingunguti, nikaona damu iliyokingwa kwenye beseni: juu, penye hewa, nyekundu ya kuumiza macho, chini yake nyeusi kama maini. Ilikuwa damu ile ile ya ng'ombe yule yule. Kijani sikukiona.

Kijani kinatengenezwa na ngozi na jicho. Mwanga ukiingia mwilini, wekundu wake huzama ndani zaidi, na pale penye mshipa damu inaumeza. Bluu na kijani hazifiki mbali, hugonga hapo juu na kurudi. Jicho linaulinganisha mstari ule na ngozi ya pembeni, ambayo imerudisha wekundu mwingi, linaona mstari una upungufu, linauita wa kijani. Ngozi yenye rangi ya kutosha huufunika mchezo wote huo, ndiyo maana watu wa rangi yangu hatuhangaiki nao. Yangu ilikuwa imekwanguliwa. Shangazi alikuwa anashangilia kitu ambacho hakipo, kilichoonekana kwa sababu ya kitu alichokiondoa.

Wiki ya harusi mama mkwe wangu alisema atamtuma somo wake mwenyewe, kungwi anayemwamini, aje kunisinga na kunifunda. Kwa kawaida somo wa bibi harusi anatoka kwao bibi harusi, lakini mtu wa Kinondoni akitaka jambo, Tandika hatukatai. Alikuja asubuhi na bakuli la singo lililonukia mawaridi, karafuu na liwa, mwanamke mnene mwenye sauti nyororo, akanikalisha kwenye mkeka, akaanza kunisugua. Singo kwa mtu mwenye ngozi yake ni raha. Mimi niliuma meno. Kila alipopitisha kiganja nilihisi kama nasuguliwa kidonda.

Alipofika kifuani aliacha kuimba. Alikuwa anaimba kwa sauti ya chini, na nilijua amefika kwenye mishipa kwa sababu kulikuwa kimya. Aliosha mkono, akapangusa singo, akawasha taa ingawa ulikuwa mchana. Akanibonyeza titi kama anavyobonyeza papai sokoni. Akaniuliza siku zangu za mwezi niliziona lini. Nikamwambia nazitarajia muda wowote. Akasema wote husema hivyo, akajifuta mikono, akatoka na simu yake.

Kila mwanamke aliyewahi kuzaa anaijua alama hiyo. Mimba ikiingia, damu mwilini inaongezeka, matiti yanajiandaa, na mishipa yake inajichora. Somo hakukosea kusoma. Alisoma kitabu sahihi kwenye mwili usiokuwa wenyewe. Mishipa ile ile iliyopigiwa kigelegele kama ushahidi wa weupe, sasa ilikuwa ushahidi kwamba nina mimba, na harusi ilikuwa Ijumaa.

Mama mkwe alifika na bajaji mchana. Hakuvua buibui, hakukaa mpaka alipoombwa mara nyingi, na maji aliyopewa hakuyagusa. Mimi nilikuwa chumbani nyuma ya pazia, singo imenikaukia mwilini nusu, inapasuka kila nikisogea. Nilimsikia vizuri. Alisema mwanawe ameapa mbele yake kwamba hajawahi kunigusa, na ni kweli, hakuwahi. Kwa hiyo alitaka kujua ni mzigo wa nani huu ambao familia yake inataka kutwishwa kwa ngoma na tarumbeta.

Nilimpigia mchumba wangu. Alipokea haraka, na kwa sekunde hiyo moja nilifurahi. Nilimwambia mama yake yuko kwetu na ananisingizia. Akavuta pumzi, kisha akauliza kwa ile sauti yake ya mtu asiye na haraka:

"Ni ya nani?"

Hakuuliza kama ni kweli. Nilikata simu, nikaiweka juu ya kitanda, na nakumbuka niliipangusa singo iliyobaki kwenye kioo chake kwa utulivu kabisa.

Shangazi aliingia, akafunga mlango kwa mgongo wake. Nilimwambia jambo ni jepesi. Atoke aseme mishipa imetokana na mkorogo wake, na mambo yataisha hapo hapo. Alinitazama kama mtoto aliyeomba apewe kisu achezee.

"Una wazimu wewe," alisema. "Mimba inatoka. Weusi hautoki."

Halafu akanipangia. Tutakubali kupimwa, kipimo kitasema hakuna kitu, wataona haya, watatuomba radhi, na mimi nitaingia Kinondoni mweupe na msafi. Nikiwaambia ukweli nitakuwa nimewathibitishia kwamba wamedanganywa kuanzia siku ya posa, tena na yeye. Alikuwa amefikiri vizuri kuliko mimi, na hilo lilinikera. Akatoka, nikamsikia sebuleni akipandisha sauti, akidai kipimo kwa uchungu wa mtu aliyevunjiwa heshima yake.

Baadaye mama aliingia na beseni la maji ya uvuguvugu, akanikalisha, akaanza kunitoa singo mgongoni kwa kitambaa. Mama huyu ndiye aliyekuwa anasimama mlangoni kila jioni nikipakwa. Alikuwa analijua lile kopo. Alifuta mgongo mzima kabla ya kusema.

"Mwanangu, kweli hamna kitu?"

Nikamwambia hamna. Akasema haya. Kisha akaendelea kufuta, lakini kwa nguvu zaidi, mahali pale pale ambapo palishatakata, na ngozi ikaanza kuchubuka. Nilijua kutokana na mkono wake kwamba hakuniamini. Niliumia siku ile kwa mambo mengi, ila hakuna lililonifika kama hilo. Nilikaa nikamwachia anifute.

Kesho yake asubuhi tulikwenda zahanati, wanawake watano kwenye bajaji mbili. Mama mkwe alikataa kipimo cha mkojo. Alisema mkojo unaazimwa. Alitaka damu, na alitaka aione ikitoka. Kijana wa maabara hakupenda kujaziwa watu chumbani kwake, lakini alishazoea, akasogeza kiti, akanifunga mpira mkononi. Mishipa yangu ilisimama yote kuanzia kwenye kiwiko mpaka kwenye kiganja, mtu angeweza kuichora akiwa mlangoni. Hata hivyo sindano ilikosa. Ngozi iliteleza, mshipa ukakimbia, akatafuta mwingine. Alipoondoa plasta aliyoibandika pale alipokosa, iliondoka na utando wa ngozi.

Damu ilipoingia kwenye bomba, mama mkwe alirudi nyuma.

"Damu gani nyeusi hivi?" alimwuliza somo wake, siyo mimi.

Somo akatikisa kichwa kwa huzuni ya kitaalamu. Walikuwa wameshakubaliana wao kwa wao kwamba damu iliyokolea vile ni ya mwanamke aliyebeba kitu, tena kitu kichafu. Nilimwambia mama mkwe kwamba ya kwake ni hivyo hivyo, damu yote inayorudi moyoni iko hivyo hivyo, na kama ana shaka auweke mkono wake hapo tutazame kwa pamoja. Shangazi alinifinya ubavuni. Kijana wa maabara alibandika jina langu kwenye kichupa, akatuambia tukasubiri nje.

Tulikaa kwenye benchi la veranda. Mama alikuwa anavuta tasbihi yake, na kila punje iliyopita niliona ananiombea nisiwe muongo. Nilijiuliza ingekuwaje kama kweli ningekuwa nayo. Nadhani angenipenda vile vile, ila kwa kuinamisha macho, kama anavyofanya kila kitu.

Jibu lilitoka kwamba hakuna mimba. Shangazi alipiga kigelegele pale pale verandani, watu wenye watoto wagonjwa wakageuka kumtazama. Mama alifunika uso kwa mtandio. Na mama mkwe, lazima niwe mkweli juu yake, alitoa pumzi ndefu, akafungua mikono, akanivuta kifuani kwake akisema nimsamehe, mwanamke ni mwanamke, na yeye ana mtoto mmoja tu wa kiume. Alinukia udi. Harusi ilikuwa imerudi. Kilichobakia nilitakiwa kunyamaza tu, na kunyamaza si kazi ngumu, mama yangu ameifanya maisha yake yote.

Mama mkwe, bado amenishika mabega, akatazama pale shingoni kwangu.

"Sasa mishipa hii yote ni ya nini, mwanangu?"

Shangazi akacheka. Akasema ndio weupe wetu huo, weupe wa asili, ukoo mzima tuko hivyo. Nikahisi tena ule mkono wa mama mgongoni, ukifuta mahali palipotakata. Jana walinisoma nina mimba, leo wananisoma mweupe wa asili, na mimi niliyekuwa ndani ya ngozi hiyo hakuna aliyeniuliza akasubiri jibu.

"Ni mkorogo, mama," nilisema. "Shangazi ananipaka tangu siku mliyoleta posa. Mie mweusi, baba yangu alikuwa mweusi. Ngozi imeisha, ndiyo maana mnaiona mishipa."

Shangazi alisema nimechanganyikiwa kwa sababu ya sindano. Mama mkwe aliuchukua mkono wangu, akaugeuza, akavitazama vifundo vya vidole, ambavyo mkorogo hauviwezi. Vilikuwa vyeusi, kimoja kimoja, vya baba yangu kabisa. Alipitisha kidole gumba juu yake taratibu. Hakuwa na hasira. Ningependelea angekuwa nayo.

"Mimba ningeisitiri," alisema. "Wamesitiriwa wengi. Hii itanitokea kwa wajukuu."

Akaniachia mkono, akamwita somo wake, wakapanda bajaji.

Mchumba wangu aliandika ujumbe jioni kwamba presha ya mama imepanda, tusogeze mbele kidogo. Haikusogezwa, iliisha. Vyombo vya kuazima vikarudishwa, majirani wakaambiwa kuna msiba upande wa bwana harusi. Mama yangu alilia siku ile, na nilipotoka chumbani nikitegemea analia kwa ajili yangu, nilimkuta ameshika mikono ya shangazi, anamwomba radhi kwa aibu niliyomtia. Nilirudi chumbani nikafunga mlango.

Yule mwanamume alioa mwaka uliofuata. Mkewe mweupe kweli, wa kuzaliwa, nilihakikisha kwa kutazama vidole kwenye picha. Watoto wake nao nimewaona kwenye simu za watu. Weusi ti, wazuri, wana kicheko cha baba yao.

Ngozi yangu ilichukua muda mrefu kurudi, na ilirudi kwa mabaka, kama ukuta uliopakwa rangi na mafundi wawili wasiosemezana. Mishipa ilizama tena. Shangazi hakusema nami kwa miezi, kisha siku moja akaja, akakaa kitandani kwangu, akatoa lile kopo kwenye mkoba. Akasema kuna mgane Yombo anatafuta mke, mtu mzima, anajiweza, hana shida, ila anapenda weupe. Nilimwomba anipe kopo. Akanipa, akitabasamu, akidhani nimepata akili. Nililimwaga chooni mbele yake, naye akanitazama nikimwaga, akasema kwa upole kwamba nitafia kwa mama yangu. Mpaka sasa hajakosea.

Mwaka huu nilikuwa nafundisha mzunguko wa damu, chati ile ile ubaoni, imefifia. Nikasema kama kawaida kwamba hakuna damu ya bluu wala ya kijani. Darasa likapiga kelele likinikatalia, likamsukuma mbele msichana mmoja wa kidato cha nne, mtulivu, ambaye siku zote anakaa dirishani. Walimpandisha mkono wa sweta. Mishipa yake ilikuwa imejichora kuanzia kwenye kiwiko, kijani safi kuliko chati, na wenzake walikuwa wanasukumana ili waione. Yeye mwenyewe alikuwa anatabasamu. Alijiona amependelewa.

Nilimshika mkono. Nikaugeuza. Nilivitazama vile vifundo, na nikajikuta napitisha kidole gumba juu yake, kimoja kimoja, kama nilivyofanyiwa. Hapo tabasamu likamwisha, akajaribu kuuvuta mkono, nami sikuuachia. Darasa lilikuwa bado linacheka. Niliinama nikamwuliza, wasisikie wenzake, harusi ni lini.

"Tukimaliza mtihani, Madam," alisema.